Swichi ya Mtandao wa Kompyuta: Jinsi Ifanyavyo Kazi na Jinsi ya Kuisimamia

Utangulizi

Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Singida kupitia Morogoro na Dodoma ina urefu wa kilomita 700 hivi, na basi huimaliza kwa karibu siku nzima. Mwanga usafirio ndani ya uzi wa kioo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kwa hiyo umbali huo huo huumaliza kwa sekunde 0.0035 tu. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, unapita Singida. Kwa kipimo cha mwanga, basi, Singida na Dar es Salaam ni majirani.

Hata hivyo, habari ikishafika mjini na kuingia katika jengo la shule, hospitali au ofisi, safari yake haijakwisha. Hapana budi igawanywe: hii ni ya mhasibu, hii ni ya maabara, na hii ni ya mwanafunzi aliyeketi mstari wa nyuma. Kazi hiyo ya ugawaji hufanywa na chombo kiitwacho swichi. Si swichi ya kuwashia taa. Ni sanduku la bapa, la chuma au la plastiki, lenye safu ya matundu 8, 24 au 48, na kila tundu huchomekwa waya uendao kwenye kompyuta moja. Chombo hicho kikiharibika, au kikitumiwa bila maarifa, jengo zima hupoteza mawasiliano. Na ikiwa fundi wa kukitengeneza yuko mbali, yeye hatasafiri kwa mwendo wa mwanga.

Makala haya yanaeleza jinsi swichi inavyofanya kazi, hatari kubwa inayoikabili, sifa zinazoifaa shule au taasisi ya mkoani, na mambo ambayo msimamizi wake hana budi kuyajua.

Asili ya swichi

Tarehe 22 Mei, 1973, Robert Metcalfe, mtafiti wa kampuni ya Xerox katika mji wa Palo Alto, Marekani, aliandika waraka wa kueleza njia ya kuunganisha kompyuta nyingi kwa waya mmoja. Njia hiyo aliiita Ethernet, nasi tunaiita ethaneti. Akishirikiana na David Boggs, aliunda mtandao uliopitisha biti milioni 2.94 kwa sekunde. Baadhi ya mawazo yake yalitokana na mtandao wa redio wa ALOHA, ulioanza kazi katika Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1971.

Utaratibu wa ethaneti ya awali ulifanana na baraza lisilo na mwenyekiti lakini lenye adabu. Kila kompyuta ilisikiliza kwanza. Waya ukiwa kimya, ilisema. Ikitokea kwamba kompyuta mbili zimesema kwa pamoja, zote mbili zilinyamaza, zikangoja kwa muda uliochaguliwa kwa bahati nasibu, kisha zikajaribu tena. Baraza la watu watano huendeshwa vizuri namna hiyo. Baraza la watu mia haliendeshwi.

Chombo kilichotumika kwa miaka mingi kuunganisha kompyuta hizo kiliitwa habu. Habu haina akili: kila inachopokea katika tundu moja hukirudia katika matundu mengine yote. Kompyuta 24 zikiunganishwa kwa habu ya megabiti 100 kwa sekunde, na zote zikitaka kusema, kila moja hupata wastani wa megabiti 4 hivi tu. Tena, kila mmoja husikia siri za wenzake.

Mwaka 1990 kampuni ya Kalpana ya Marekani ilianza kuuza swichi ya kwanza ya ethaneti, yenye matundu saba. Tofauti yake na habu ilikuwa moja, lakini ni kubwa: swichi ilimpa kila mwenye haki haki yake. Kompyuta mbili zikizungumza, nyingine hazisikii wala hazizuiwi. Katika mfano wa hapo juu, kila kompyuta hupata megabiti 100 zake nzima za kupeleka, na nyingine 100 za kupokea, kwa wakati huo huo.

Jinsi swichi inavyojifunza

Kila kompyuta yenye ethaneti hupewa kiwandani anwani ya biti 48. Idadi ya anwani zinazowezekana ni 2 kwa kipeo cha 48, yaani zaidi ya trilioni 281. Habari husafiri katika vifurushi viitwavyo fremu, na juu ya kila fremu huandikwa anwani mbili: ya inakokwenda na ya ilikotoka. Mwishoni mwa fremu kuna baiti nne za ukaguzi, ambazo ni matokeo ya hesabu iliyofanywa juu ya fremu nzima. Swichi hurudia hesabu hiyo, na jibu likitofautiana, fremu hutupwa.

Na ichukuliwe swichi yenye kompyuta nne, zilizopewa majina ya miji ya mkoa: Manyoni katika tundu la 1, Kiomboi la 2, Ikungi la 3 na Itigi la 4. Swichi ikiwashwa, haijui lolote. Manyoni inapeleka fremu kwa Kiomboi. Swichi inasoma anwani ya mpelekaji na kuandika katika jedwali lake: Manyoni yuko tundu la 1. Kiomboi bado haijulikani iliko, kwa hiyo fremu inapelekwa katika matundu yote isipokuwa lile ilikotoka. Ikungi na Itigi zinaona kwamba fremu si yao na kuiacha. Kiomboi inajibu, na hapo swichi inaandika: Kiomboi yuko tundu la 2. Tangu hapo mazungumzo ya hizo mbili hupita kati ya tundu la 1 na la 2 peke yake.

Ni vema msomaji aone kwamba swichi hujifunza kwa kutazama anwani ya mpelekaji, na huamua kwa kutazama anwani ya mpokeaji. Ni kama mgeni akaaye kibarazani: hajui nyumba ya mtu mpaka amwone akitoka. Jedwali hilo pia husahau. Kwa kawaida kompyuta isiyosema neno kwa sekunde 300 hufutwa, ili ikihamishwa tundu, swichi ijifunze upya.

Mbiu na mzunguko

Ziko fremu ambazo hazina mpokeaji mmoja. Kompyuta isiyojua anwani ya mwenzake huuliza wote kwa pamoja: “Nani fulani?” Fremu ya namna hiyo ni kama mbiu ya mgambo, na swichi huipeleka katika matundu yote isipokuwa lile ilikotoka. Hapa ndipo ilipo hatari kubwa kuliko zote.

Chukua mfano wa chumba cha kompyuta shuleni ambamo waya unaning'inia kutoka ukutani. Mwanafunzi mwema anaona ncha hiyo, anadhani imechomoka kwa bahati mbaya, na anaichomeka katika tundu lililo wazi. Kumbe ncha ya pili ya waya ule ule iko katika swichi ile ile. Mzunguko umekamilika. Mbiu ya kwanza itakayopigwa itatoka kwa tundu moja, itarudi kwa jingine, itatolewa tena na kurudi tena. Fremu ya ethaneti haina hesabu ya umri. Hakuna kinachoiambia kwamba imezunguka vya kutosha na sasa ife.

Kasi ya jambo hilo inaweza kukokotolewa na mwanafunzi yeyote. Fremu ndogo kabisa ina baiti 64, na pamoja na nafasi na alama zinazoitangulia huchukua muda wa baiti 84, sawa na biti 672. Katika waya wa biti bilioni moja kwa sekunde, fremu za namna hiyo zaweza kupita 1,488,095 kila sekunde. Kwa hiyo, muda mfupi tu baada ya mwanafunzi kuchomeka waya, mtandao umejaa mbiu za bure, na kila kompyuta inalazimika kusikiliza zote. Taa za swichi humetameta zote kwa pamoja bila kupumzika. Hali hiyo huitwa dhoruba ya mbiu.

Dawa yake ilibuniwa mwaka 1985 na Radia Perlman, mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, na ikaingizwa katika kanuni za kimataifa mwaka 1990. Msingi wake ni umbo la mti. Tawi la mbuyu likishaachana na shina halirudi kuungana na tawi jingine, na kwa hiyo katika mti hakuna mzunguko. Swichi zinazofuata kanuni hiyo hupelekeana ujumbe mfupi, huchagua moja kuwa shina, na kila moja hutafuta njia iliyo bora ya kulifikia. Njia za ziada hufungwa. Njia iliyo wazi ikikatika, iliyofungwa hufunguliwa. Kanuni ya kwanza ilihitaji sekunde 30 hadi 50 kufanya mabadiliko hayo; ile iliyorekebishwa mwaka 2001 aghalabu huhitaji sekunde chache tu.

Isidhaniwe kwamba dawa hiyo humwondolea mtu wajibu wa kufikiri. Mnamo Novemba 2002 mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess ya mjini Boston, Marekani, ulianguka. Mtandao huo ulikuwa umekua mwaka hadi mwaka kwa kuunganisha swichi juu ya swichi, hata njia zake zikapita kikomo cha hatua saba kilichopendekezwa kwa kanuni ya mti. Siku mtafiti mmoja alipopitisha habari nyingi mno kwa pamoja, swichi zilishindwa kukubaliana njia ipi ifungwe. Kwa muda wa siku nne hivi hospitali hiyo, moja ya zile zinazosifika kwa kompyuta, ilirudia karatasi na kalamu. Mkuu wake wa habari, John Halamka, hakuificha aibu hiyo. Aliieleza hadharani ili wengine wajifunze. Funzo lenyewe ni kwamba fedha na vyombo havikupungua pale. Kilichopungua ni mtu aliyeufahamu mtandao wote kwa umbo lake.

Sifa za swichi yenye usimamizi

Swichi za ethaneti ni za aina mbili kuu. Ya kwanza huchomekwa na kuachwa. Ni rahisi kwa bei, hujifunza anwani kama ilivyoelezwa, lakini aghalabu haina kanuni ya mti wala haiwezi kuulizwa lolote. Ya pili hupokea amri na hutoa taarifa. Hii ndiyo iitwayo swichi yenye usimamizi, na sifa zake muhimu ni hizi:

(a) Kugawa mtandao. Swichi moja yaweza kugawanywa katika mitandao kadhaa isiyosikilizana, ijapokuwa nyaya zote zinaingia sanduku moja. Kanuni ya mwaka 1998 huongeza katika fremu namba ya biti 12, na kwa hiyo mitandao ya namna hiyo yaweza kufikia 4,094, baada ya kuondoa namba mbili zisizotumika. Shule inahitaji mitatu tu: wa wanafunzi, wa walimu na wa uhasibu. Mbiu ya mmoja haifiki kwa mwingine, na alama za mitihani hazipiti mbele ya macho ya watahiniwa.

(b) Kutoa umeme. Kwa kanuni ya mwaka 2003, waya ule ule unaobeba habari waweza kubeba umeme wa hadi wati 15.4 kwa tundu, wa kutosha kuendesha simu ya mezani au kamera. Mnunuzi asome uwezo wa jumla wa swichi. Yenye wati 185 hutosheleza matundu 12 kwa kiwango hicho, hata kama matundu yake ni 24.

(c) Kuhesabu. Swichi huweka hesabu ya fremu zilizopita na zilizoharibika katika kila tundu. Tundu ambalo makosa yake yanaongezeka kila siku linamwambia msimamizi kwamba waya wake umebanwa na mlango au umeguguniwa na panya.

(d) Kufunga tundu. Tundu lisilotumika laweza kufungwa kwa amri, na tundu linalotumika laweza kuagizwa likatae kompyuta ngeni.

(e) Kuongozwa kutoka mbali. Utaratibu wa kuuliza swichi na kupokea majibu kwa njia ya mtandao umekuwapo tangu mwaka 1988. Fundi aliye Dodoma aweza kuisoma swichi iliyoko Kiomboi bila kupanda basi.

Kazi ya swichi katika taifa

Faida ya swichi haiishii ndani ya jengo. Zamani, mtu wa Nairobi aliyempelekea barua ya kompyuta mwenzake wa Nairobi, ikiwa walitumia kampuni mbili tofauti za intaneti, barua yake ilikwenda ng'ambo kwa setelaiti na kurudi kwa setelaiti. Setelaiti hizo ziko juu ya ikweta kwa umbali wa kilomita 36,000 hivi. Kupanda na kushuka ni kilomita 72,000, ambazo mawimbi ya redio huzimaliza kwa sekunde 0.24. Kwenda ng'ambo na kurudi ni sekunde 0.48, na jibu nalo sekunde 0.48, kwa watu waliotenganishwa na barabara moja! Na safari hiyo ililipiwa kwa fedha za kigeni.

Mnamo Novemba 2000 kampuni za intaneti za Kenya zilianzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano, kiitwacho KIXP kwa ufupi. Kiini cha kituo hicho kilikuwa swichi ya ethaneti: kila kampuni ilileta waya wake na kuuchomeka. Kampuni ya simu ya taifa, iliyokuwa peke yake na haki ya mawasiliano ya nje, ililalamika, na mamlaka ya mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe. Kilifunguliwa tena kwa leseni mnamo Februari 2002. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba muda wa kungoja, ambao ulikuwa kati ya milisekunde 200 na 600 kwa habari zilizopitia ng'ambo, ulishuka hadi kati ya 2 na 10. Dar es Salaam nayo ilipata kituo chake, kiitwacho TIX, mwaka 2004. Ni kweli kwamba chombo kidogo kilichowekwa mahali panapofaa huliokolea taifa mali nyingi.

Mambo ya kuzingatia Singida

Mkoa wa Singida una mwamba wa granaiti uliotokeza juu ya ardhi mahali pengi, una kiangazi kirefu chenye upepo na vumbi, na mvua zake za kuanzia Novemba huja na radi. Mambo hayo matatu yana maana kwa swichi.

Granaiti iliyokauka haipitishi umeme kwa urahisi, na kwa hiyo waya wa kupeleka radi ardhini hauna budi kutengenezwa kwa uangalifu mkubwa na kupimwa na fundi wa umeme. Nyaya za shaba zinazounganisha majengo mawili ni njia ya radi kutoka jengo moja hadi jingine. Tena, haziruhusiwi kuzidi mita 100. Baina ya majengo utumike uzi wa kioo, kwani kioo hakipitishi umeme. Vumbi nalo huziba matundu ya hewa na kuzuia feni, na swichi hupata joto. Iwekwe ndani ya kabati lenye kitambaa cha kuchuja, lifunguliwe na kusafishwa kila mwezi katika kiangazi. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, betri yenye kidhibiti huilinda.

Usimamizi: mtu na daftari

Msimamizi wa swichi katika shule aweza kuwa mwalimu wa fizikia au wa hisabati. Kazi yake haihitaji shahada, inahitaji utaratibu. Kwanza, abadilishe neno la siri lililotoka kiwandani, kwa sababu hilo limechapishwa katika kijitabu na kila mtu analijua. Pili, achore ramani ya nyaya zote na kubandika alama katika ncha mbili za kila waya. Tatu, anakili maagizo yote ya swichi na kuyahifadhi mbali nayo, ili ikiungua, mpya ifundishwe kwa muda wa saa moja. Nne, aandike katika daftari kila badiliko: tarehe, lililofanywa, na aliyelifanya.

Neno la siri liwekwe ndani ya bahasha iliyofungwa, katika sanduku la mkuu wa shule. Mwalimu huhamishwa. Akiondoka na neno hilo kichwani mwake, anaiacha shule na chombo kisichotii mtu. Kwa kawaida njia pekee iliyobaki ni kukifuta na kukianza upya, na asiye na nakala ya maagizo hupoteza kazi ya miaka.

Zoezi la darasani

Zoezi hili halihitaji umeme. Wanafunzi wanne wakae pembe nne za darasa na kuitwa Manyoni, Kiomboi, Ikungi na Itigi. Wa tano, ambaye hajaambiwa majina yao, asimame katikati na kuwa swichi, akiwa na ubao wa kuandikia jedwali. Barua zipelekwe kwa karatasi zenye jina la mpelekaji na la mpokeaji, na swichi ifuate kanuni mbili: jifunze kwa mpelekaji, amua kwa mpokeaji. Pasipojulikana, anakili barua kwa wote waliobaki. Darasa lihesabu nakala ngapi zilihitajika kabla jedwali halijakamilika. Kisha ziwekwe swichi tatu zilizounganishwa kwa pembetatu, na mbiu moja ipigwe. Baada ya dakika mbili darasa litafahamu kwa nini Perlman alichagua mti.

Hitimisho

Swichi hujifunza yenyewe mahali zilipo kompyuta, na kazi hiyo haihitaji msaada wa mtu. Lakini haiwezi kujifunza yenyewe nani aruhusiwe, njia ipi ni ya lazima, na neno la siri limewekwa wapi. Hayo ni maarifa ya wenye jengo. Uzi wa kioo umekwisha fika Singida. Shule inayopata kompyuta bila kumwandaa msimamizi itaendelea kungoja basi la fundi. Mwalimu mmoja na wanafunzi wawili wa kidato cha tatu, wenye ramani, daftari na bahasha iliyofungwa, wanatosha kuanza.